Tangu Walipoacha Viti

Rajabu Mwinyimkuu alikuwa amepiga gitaa la besi katika kikundi cha taarab cha Waridi la Ilala kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anapiga vibaya. Mengine aliambiwa. Kwamba ana maringo, kwamba kwenye harusi huonja pilau kabla ya bwana harusi, kwamba kofia yake imezeeka kuliko yeye. Hayo aliyakubali bila ugomvi. Lakini besi yake isiguswe. Besi ndiyo iliyomfanya asalimiwe na watu asiowajua, na yeye mwenyewe alijua kwamba anaiweza.

Ndiyo maana maneno ya Bi Shamsa, Alhamisi ile baada ya mazoezi, yalimwingia mpaka kwenye mfupa. Bi Shamsa ndiye mwimbaji na ndiye mwenye kikundi, na si mwanamke wa kupindisha maneno. Alikunja karatasi zake za nyimbo, akasema mbele ya wote:

"Kaka Rajabu, besi yako inanguruma. Ile harusi ya Buguruni meza za nyuma zilihama. Mama mmoja kaniambia meno yalikuwa yanamtikisika."

"Yule meno yake ya kubandika," Rajabu akajibu.

Wenzake wakacheka. Bi Shamsa hakucheka.

"Kila wiki unaongeza sauti. Nikikwambia punguza, unapotea, unapiga kwa kubahatisha. Mimi sitaki kukuvunjia heshima, lakini masikio yako yamechoka. Keshokutwa tuna harusi Bungoni. Ukiningurumia tena, besi atapiga Abdulkadiri kwa mkono wa kushoto."

Abdulkadiri, mpiga kinanda, kijana wa miaka ishirini na sita, akaangalia ndala zake. Hakuwa na kosa. Vikundi vingi mjini vimeshafanya hivyo: kinanda kinapiga besi kwa mkono mmoja na mengine yote kwa mkono wa pili, na mzee wa gitaa anaambiwa asante kwa utumishi wako, nenda kapumzike. Kapumzike wapi, hawasemi.

Rajabu alibeba gitaa lake akaondoka bila kuaga. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira palikuwa na hofu, kwa sababu Bi Shamsa alikuwa amesema kweli. Kwa muda mrefu sasa alikuwa haisikii vizuri besi yake jukwaani. Mshindo aliusikia, ule wa kutikisa mbao, lakini noti yenyewe, iko wapi, imeanza wapi na imekatika wapi, hakuipata. Akawa anaongeza sauti. Kitufe kilichokuwa kikikaa kwenye tatu kikafika tano, kikafika nane. Nyumbani alitega sikio kwenye saa ya ukutani, akaisikia. Akasogea mpaka mlangoni, akaisikia bado. Lakini saa si besi, na moyo haukutulia.

Hakujiuliza jambo moja dogo, na hapo ndipo palipokuwa na kosa. Miaka miwili nyuma Bi Shamsa aliamua kikundi kiende na wakati. Alishona sare mpya za kung'aa, akamleta Abdulkadiri na kinanda chake, akaondoa viti. Miaka yote Waridi la Ilala walipiga wamekaa, kama taarab ilivyopigwa na waliowafundisha. Sasa wakawa wanasimama, wanayumba kushoto na kulia. Siku hizo hizo Bi Shamsa aliacha kuimba ubeti wa tatu wa wimbo wao mkubwa, "Kisima cha Jirani", ule ubeti wa sauti ya chini kabisa. Alisema watu wa leo hawana subira ya mambo ya chini-chini. Wakati ule hakuna aliyeona kwamba mambo hayo mawili yanahusiana.

Ijumaa asubuhi Rajabu alipakia ampu yake ya besi kwenye bajaji akaenda Kariakoo kwa Fundi Anselmi, Mchaga mwenye kibanda cha kutengeneza spika kwenye uchochoro unaotokea Mtaa wa Kongo. Shauri alikuwa ameshalikata: atabadilisha ampu, achukue kubwa zaidi. Mtu asiyesikia kidogo apewe kingi.

"Shikamoo mzee Rajabu."

"Marahaba. Nataka kubwa kuliko hii."

Anselmi aliitazama ile ampu, sanduku jeusi la kufika magotini, lenye mikwaruzo ya harusi zisizohesabika. "Hii nimeibadilisha spika mwaka jana. Ina nini?"

"Haisikiki."

"Watu wanasemaje?"

"Wanasema inanguruma."

"Basi inasikika. Haisikiki kwa nani?"

Rajabu akaangalia mikokoteni inapita, akaangalia mwanamke anayepanga sufuria, akaona hakuna pa kukimbilia. "Kwangu mimi," akasema. "Nadhani masikio yanakwisha."

Anselmi hakusema pole. Alichomeka waya, akaiweka ampu chini kwenye sakafu ya kibanda, akasukuma kigoda hatua mbili mbele yake. "Kaa. Weka kwenye tatu. Piga."

Rajabu akakaa, akapiga, na vidole vikaganda. Alijisikia. Pamoja na spika za wachuuzi zilizokuwa zikipiga kelele za elfu tano elfu tano, pamoja na honi za Msimbazi, kila noti ilikuja imenyooka, ina kichwa na mkia. Akapiga tena. Akapiga "Kisima cha Jirani" tangu mwanzo, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyerudishiwa pochi yake na vyote vilivyokuwemo.

"Umeifanya nini?"

"Sijaigusa."

Hapo akaja mpagazi na robota la mitumba kichwani, hana breki, anaita njia: "Mzigo huo, mzigo!" Rajabu akasimama kumpisha huku vidole vikiendelea kupiga. Noti zikapotea. Ukabaki ule mshindo wa siku zote, unapita kwenye miguu yake na kwenda zake barabarani. Mpagazi akapita. Rajabu akakaa, noti zikarudi. Akasimama, zikaenda. Akakaa tena taratibu, akiinamisha kichwa inchi kwa inchi, mpaka pale sauti ilipomkuta.

Anselmi alikuwa ameshaanza kucheka. "Mzee wangu, kwani masikio yako yako magotini?"

"Tulikuwa tunakaa," Rajabu akasema, akiwa kama anazungumza na yule mpagazi aliyekwisha kwenda zake. "Miaka ishirini tulikuwa tunapiga tumekaa."

"Basi ndiyo hiyo. Mlisimama nyinyi, ampu haikusimama. Unaongeza sauti, wa meza za nyuma inawapata kifuani, wewe inakupita kwenye mashavu ya miguu. Ukinunua kubwa utawaua watu na bado hutasikia."

Rajabu alicheka mpaka akafuta macho kwa kofia. Alikuwa na furaha na alikuwa na aibu, na furaha ndiyo iliyokuwa nyingi. Miaka miwili mizima, mtu mzima na akili zake, analaumu masikio ambayo hayakuwa na kosa.

Anselmi akamwelekeza. Aiinue juu ya kitu kigumu, au ailaze nyuma kidogo ili imtazame usoni. Asiipandishe juu sana, kwa kuwa ikiachana na sakafu ule mshindo mzito unapungua, na besi bila mshindo ni pilau bila nyama. Asiiweke juu ya kiti, kitayumba kiiangushe. Kreti ya soda inafaa, ila isiwe na chupa ndani, chupa zitalia wimbo mzima. Kisha akamfungia ampu yake ile ile, akamrudishia kwenye bajaji. "Kubwa nitakuuzia siku ukizeeka kweli," akamwambia.

Jumamosi, alasiri haijaadhiniwa, Rajabu alifika ukumbini Bungoni na kreti mbili tupu mikononi, anapiga mluzi. Harusi ilikuwa ya wanawake watupu, meza zimevishwa vitambaa vya zambarau, na Bi Shamsa alikuwa jukwaani anapanga kila kitu kwa kidole. Aliona kreti, akasimama.

"Hizo za nini?"

"Za kuinulia ampu. Nimegundua kwa nini—"

"Kaka Rajabu, jukwaa langu si depo la soda. Maharusi wa watu hawa, picha zinapigwa. Toa."

Kumweleza mwanamke yule akiwa anapanga jukwaa ni kujitakia balaa, na Rajabu alimfahamu vya kutosha. Akatoa kreti. Lakini hakuwa mtu wa kurudi nyuma siku ile, kwa sababu alikuwa anajua anachokijua. Akazunguka uani, kwa wapishi. Pale Najma, mpishi mkuu, alikuwa amemaliza kukuna nazi za wali, na mbuzi yake ya kukunia ilikuwa imekunjwa imeegemezwa ukutani. Rajabu aliipima kwa macho: mbao ngumu, fupi, unene wa kiganja.

"Dada Najma, niazime mbuzi yako mpaka magharibi."

"Unataka kukuna nini, shemeji?"

"Nataka kuilazia besi."

Najma alimwangalia, akaona uso wa mtu asiyetania. "Ikirudi imevunjika, utakuna wewe kwa meno."

Rajabu akaufunga ule ulimi wa chuma kwa kitambaa, akarudi jukwaani, akaipenyeza mbuzi chini ya ampu upande wa mbele, akaitikisa kuona kama itayumba. Haikuyumba. Ampu ikalala nyuma kidogo, uso juu, ikamtazama machoni. Akafunika kwa ncha ya kitambaa cha zambarau kilichoning'inia jukwaani, na Bi Shamsa alipopita kukagua hakuona kitu. Kitufe cha sauti akakirudisha kwenye tatu.

Wakaanza. Abdulkadiri alikuwa ameshaagizwa: mkono wake wa kushoto ulikuwa tayari kwenye besi, unapiga chini kwa chini, unasubiri mzee apotee. Rajabu alipiga noti ya kwanza, akaisikia ikimjia usoni, na mabega yake yakashuka. Akapiga ya pili akiwa anatabasamu. Alisikia kila kitu: vidole vyake, pale alipokawia nusu na pale alipoikata, na mkono wa kushoto wa Abdulkadiri unaomfuata nyuma kama mgeni asiyejua njia. Hakuongeza sauti. Alipiga tu, kama alivyopiga miaka ishirini, na akina mama wa meza za nyuma wakaanza kuinuka. Safari hii hawakuwa wanahama. Walikuja mbele kutunza, sare zao za kijani zikiyumba kwa besi yake.

Katikati ya wimbo wa pili Abdulkadiri aliondoa mkono wa kushoto kwenye kinanda, akautia mfukoni. Akamwangalia Rajabu, akainamisha kichwa kwa heshima. Hapo lile jambo lilikuwa limekwisha.

Walipopumzika Bi Shamsa alikuja moja kwa moja. Rajabu alijiandaa kupokea pongezi, na usoni hakuficha. Lakini yule mama hakumwangalia yeye. Aliinua ncha ya kitambaa, akaiona mbuzi ya nazi, akakirudisha polepole.

"Tangu lini ulikuwa hujisikii?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Tangu tulipoacha viti. Tulisimama sisi, spika zikabaki chini. Masikio yangu mazima, Shamsa. Nimeyapima Kariakoo."

Macho ya Bi Shamsa yalikwenda mbele ya jukwaa, kwenye spika ndogo ya kumrudishia mwimbaji sauti yake, imekaa sakafuni wima, inayatazama magoti yake. Ilikuwa imekaa hivyo tangu siku ya sare mpya.

"Mimi nilidhani sauti imekwisha," akasema. "Nikiimba chini siipati. Naogopa nitatoka nje ya wimbo mbele za watu. Nikawa nasema besi yako ndiyo inayonifunika." Akamgeukia. "Nisamehe, kaka yangu. Na mimi niinulie."

Rajabu alikuwa na maneno mengi aliyoyaandaa tangu Alhamisi, makali na matamu. Yote aliyaacha. Akaenda uani.

"Dada Najma, una mbuzi ya pili?"

"Nyie leo mnapiga taarab au mnapika?" Najma akasema, lakini akampa.

Waliporudi jukwaani wakapiga "Kisima cha Jirani". Ubeti wa kwanza, wa pili, akina mama wanaitikia. Baada ya wa pili, kama ilivyozoeleka miaka miwili hii, Abdulkadiri alinyanyua mikono kupiga kiitikio cha mwisho. Bi Shamsa akamzuia kwa kiganja. Akasogea mbele ya ile spika iliyolalia mbuzi ya nazi, akafumba macho, akaishusha sauti mpaka kule chini ambako wengi pale walikuwa wamesahau kwamba anafika.

"Sikukuita kwa ndaro, nilikuita kwa moyo…"

Ukumbi ukanyamaza, hata vijiko. Kinanda kilinyamaza pia, kwa sababu ubeti ule Abdulkadiri hakuujua. Alikuja ukiwa umeshaachwa. Aliyebaki chini ya sauti ile alikuwa Rajabu peke yake, kwenye tatu, na alikuwa anaukumbuka wote.