Mlio Nyuma ya Dashibodi

Dashibodi ya gari langu ilikuwa imelazwa juu ya gunia, na mahali ilipotolewa nyaya zilining'inia kama matumbo ya mbuzi, simu ilipolia. Nilikuwa Makindu, kwenye gereji ya Khalid. Aliyepiga ni Nduku, jirani yetu kule Kalamba.

"Madam, mamako ameshikwa na kifua. Rudi na gari haraka."

Gari lilikuwa na miezi miwili tu. Nililinunua kwa ajili ya Mama, ili asiende tena kliniki ya moyo kwa pikipiki. Lakini tangu wiki ya kwanza lilianza: tik-tik-tik, mahali fulani mbele yangu, kila tulipoingia barabara ya vumbi. Nilitoa kila kitu kwenye droo. Nilisokomeza vitambaa. Nilizima redio niusikie vizuri ule mlio, na baada ya hapo sikusikia kingine, hata Mama aliponisimulia habari za kanisani.

"Si linatembea?" aliniuliza siku moja. "Hata mimi magoti yanalia, na kanisani nafika."

Asubuhi ile aliniambia hakulala. Kifua kilikuwa kizito. "Labda tupitie hospitali."

"Kesho, Mama. Leo fundi ananingoja."

Hakubishana. Alinifungulia geti.

Khalid alikuwa fundi makini. Aliniambia niendeshe polepole juu ya matuta huku yeye akibonyeza plastiki kwa kiganja, hapa, pale, sikio limeinama. Alipobonyeza juu ya redio, mlio ulikoma.

"Uko nyuma ya hapa," alisema. "Lakini itabidi tufungue yote."

"Fungua," nikasema.

Simu ya Nduku ilipokatika, Khalid alianza kurudisha nyaya. "Nipe saa moja na nusu, Madam." Nilimpigia Nduku nikamwambia atafute pikipiki. Walimkalisha Mama kati ya dereva na Nduku, wakamfunga kwa leso asianguke. Alikata roho kabla hawajafika hospitali ya Wote. Nduku hajui ni wapi hasa. Alihisi tu kichwa kikimlalia begani, akadhani amesinzia.

Kilichokuwa kikilia ni kishikizo cha waya kilichoachia, kidogo kama ukucha. Khalid alikizungushia kipande cha sponji. Nilirudi nyumbani katika gari lililo kimya kabisa. Bado ninaliendesha, mwaka wa nne huu.

Kaka yangu Musyimi alifika kutoka Mwingi siku ya pili ya msiba. Alivuta kiti akaketi kando yangu chini ya turubai. Akina mama wa kanisa walikuwa wakiimba.

"Gari lilikuwa wapi, Wavinya?"

"Kwa fundi."

"Lilikuwa limeharibika?"

Nilitazama mikono yangu.

"Ndiyo," nikasema.

Akanishika bega. "Basi usijilaumu."