Kikombe cha Kilonzo

Mwanzoni Kilonzo aliidharau ile mashine ya kupima mvua aliyoiunda mkewe, na hakuficha. Mtu ameendesha lori miaka thelathini na moja, leo aje aambiwe na mkebe kwamba mvua imenyesha? Mvua si ukitoka nje unaiona? Hayo aliyasema mbele ya wageni, mkewe Mutanu akiwa papo hapo anawamiminia chai. Mutanu akammiminia na yeye.

Mutanu alikuwa amestaafu kazi ya maabara katika shule ya wasichana, lakini mikono yake haikuwa na habari ya kustaafu. Kompyuta yenyewe ilikuwa ndogo kama kitambulisho. Aliitia ndani ya mkebe wa siagi, akautoboa chini ili upumue, akaufunga kwenye nguzo uani na kumwaga majivu chini kuzuia mchwa. Sola moja na betri kuukuu ya pikipiki viliilisha usiku na mchana, maana ilikula umeme kidogo kuliko balbu. Kipimajoto alikificha ndani ya visahani vyeupe vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, jua lisije likakidanganya. Mvua iliingia kwenye faneli, ikadondokea kijiko cha pande mbili kinachocheza kama pembea. Kila kikijaa kinapinduka, na kompyuta inahesabu.

Mwaka mzima haikuzima hata siku moja. Kilonzo hakuwahi kupata lori la namna hiyo, na ukweli ni kwamba jambo hilo lilimwingia moyoni. Akaanza kuuliza kila asubuhi, kama mtu asiyejali, "Usiku baridi ilifika ngapi?" Mutanu alimjibu bila kumcheka, jambo ambalo mimi nisingeliweza.

Pale kijijini kwao Nuu mvua ina ubaguzi, hunyesha huku ikaacha kule. Wengi hupanda kavu, mbegu ikaisubiri mvua ardhini. Mvua ikija ya kutosha, wamewahi. Yakija manyunyu tu, mbegu inachipua halafu inakauka. Ndivyo jirani yao Kasyoka, mjane anayeuza mitumba mjini Kitui, alivyopoteza ndengu zake, yaani choroko, msimu uliopita, akabaki na kilo nane. Aliapa kwamba hizo nane haziingii ardhini mpaka mashine ya Mutanu ihesabu milimita ishirini na tano. Akaziweka kwa Mbuvi, mwenye ng'ombe wa kulima, na agizo moja: nikikupigia, panda. Hesabu hiyo ikifika, kompyuta ilituma ujumbe yenyewe kwa watu kumi na mmoja wenye mashamba hapo.

Jumatano moja ya Oktoba, Mutanu akiwa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, Kilonzo aliona faneli imejaa vumbi na mavi ya ndege. Roho ikamtuma amfanyie mkewe wema. Akachota kikombe kizima cha maji safi, na Nuu mwezi wa kumi kikombe kizima cha maji ni mapenzi hayo. Akamimina taratibu, akasugua kwa kitambaa, faneli ikang'aa. Akaingia ndani ameridhika.

Saa moja baadaye Mutanu alirudi, viatu vimejaa vumbi, simu yenye ujumbe wa mashine mkononi.

"Baba Nzilani, hapa kumenyesha?"

"Kunyesha wapi?"

Mutanu hakubishana. Alifungua rekodi za mashine kwenye simu, na Kilonzo akasogea nyuma ya bega lake. Kumbe hajawahi kumwona akizisoma. Kidole kilipita kwenye mistari bila pupa, kikasimama.

"Milimita ishirini na sita, kwa dakika mbili," alisema. "Na joto halikushuka. Unyevu wa hewa haukupanda. Mvua kubwa hivi lazima ipoze hewa. Haya maji hayakutoka juu."

Kilonzo alikitazama kikombe, bado kimefunikwa juu ya jerikeni. 

"Ni mimi," alisema. "Niliiosha."

Mutanu hakufoka. Aliandika ujumbe kwa wote kumi na mmoja: Nuu hakukunyesha. Kosa limetokea kwangu. Msipande. Mutanu. Jina la mumewe hakulitia. Kisha akampigia Kasyoka, na Kasyoka alikuwa ameshamwambia Mbuvi apande, na simu ya Mbuvi sasa ilikuwa haipatikani.

"Ni kilo nane tu, Mama Nzilani," sauti ya Kasyoka ilisikika. "Sina zingine."

Kilonzo hakungoja. Alijua Mbuvi hana siri, na kwamba kabla ya jioni soko zima litakuwa na hadithi yake. Alikwenda hivyo hivyo shambani kwa Kasyoka, mzee wa miaka sitini na saba, akikimbia kwenye mchanga wa njia.

Alimkuta Mbuvi kwenye mstari wa tatu, mke wa Mbuvi nyuma akidondosha ndengu.

"Simamisha ng'ombe."

"Kasyoka anasema mashine imesema."

"Mashine imehesabu maji niliyoimwagia mimi, kwa kikombe."

Mbuvi alicheka mpaka akashikilia nira. Kilonzo akamwacha acheke. Akaomba ungo, akapiga magoti mwanzo wa mstari wa kwanza. Maji yakimwagika hayazoleki, ndio, lakini ndengu huzoleka mtu akikubali kupiga magoti. Baadaye Mutanu alifika na ungo wake, akaanza mstari wa pili. Wakapepeta vumbi, mpaka Kilonzo akasema lile ambalo alipaswa kulisema mwaka mzima uliopita.

"Mama Nzilani, wewe unajua kazi."

"Najua," Mutanu akasema, akaendelea kupepeta.

Kesho yake Mutanu alibadilisha maagizo ya kompyuta. Sasa ujumbe ulikuja kwanza kwa Kilonzo peke yake. Hautoki kwa wengine mpaka achimbe udongo, athibitishe kwamba umelowa. Ile ishirini na sita hakuifuta. Kando yake aliandika: kikombe cha Kilonzo. Mumewe akamsihi aiondoe.

"Kilichopimwa hakifutwi," alisema Mutanu. "Kinaelezwa."

Mvua yenyewe ilifika Novemba, alfajiri. Milimita thelathini na nne, na joto likashuka nyuzi nne. Ilipokatika, Kilonzo alitoka na panga, akachimba kwao, kisha akavuka akachimba kwa Kasyoka. Akathibitisha, ujumbe ukatoka. Haikupita dakika, simu ikalia. Ni Kasyoka, na hakumpigia Mutanu. Alimpigia yeye.

"Baba Nzilani, hiyo ni mvua au ni kikombe?"

Kilonzo aliutazama mkono wake.

"Niko shambani kwako. Nimeingiza mkono mpaka kiwiko, na huko chini bado ni matope."

 Kilonzo akangoja, na hakukumbuka lini aliwahi kutamani hivyo kuaminiwa.

"Haya," Kasyoka akasema. "Namwambia Mbuvi."

Kilonzo hakurudi nyumbani. Alisimama pale pale kwenye matope mpaka akasikia Mbuvi akija na ng'ombe.