Lori Lililozima Sebuleni

Kaka yangu Siraji ana kichwa kigumu kama jiwe la kusagia, na kwa mara ya kwanza maishani nilimshukuru Mungu kwa hilo. Mwenye kichwa laini angekwisha kukata tamaa na baba yetu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekata.

Baba yetu, Umaru, aliendesha malori kutoka Arua kwenda Juba tangu sijazaliwa, na hapa Koboko, mpakani mwa Uganda, hakuna asiyemjua. Kisha siku moja, ng'ambo ya mpaka, breki zilikatika mteremkoni, lori likalala ubavu, na hospitalini wakamkata mguu wa kushoto chini ya goti. Aliporudi nyumbani aliingia sebuleni kwa magongo, akakaa kwenye kochi, na hakutoka tena. Si msikitini, si uani, si hata barazani kupunga upepo. Ilibidi tumjengee bafu ndani. Imamu alikuja kumjulia hali, Baba akajifanya amelala. Madereva wenzake walikuja, akalala tena. Sijapata kuona mtu mwenye usingizi wa ghafla namna ile.

"Mimi natoka namna gani, Shamirah?" aliniuliza siku niliyomsihi. "Watu ya Koboko wanajua Umaru iko juu ya lori. Sasa waone mimi natembea na miti?"

Mama yetu, Sadiya, naye alikuwa na donda lake. Sisi Wanubi tunafukiza kila kitu chenye thamani: bibi arusi, mtoto mchanga, nguo za Ijumaa. Mama alifukiza na lori. Kabla ya kila safari alipanda mbele na chetezo chake cha udongo, akazungusha ubani chini ya usukani na nyuma ya viti, mpaka tanboi wa Baba, msaidizi wake wa safari, akashuka akikohoa, ili husuda na mikosi vibaki Koboko. Safari ile ya mwisho hakuwepo. Alikuwa Arua kwa dada yake aliyejifungua. Hakuna aliyemlaumu, lakini yeye alijilaumu kila siku.

Siraji ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi. Bila kumwambia mtu, alianza kuokoteza vipande vya kompyuta, hiki kutoka Arua, kile kutoka Kampala: kasha lililokwaruzika, kadi ya picha ambayo mtu mwingine aliitumia mpaka akaichoka, na mwisho kabisa usukani wa michezo pamoja na pedeli zake. Nilimcheka, nikamwambia mwanamume mzima anajiundia mwanasesere. Aliviunga vyote kwenye meza ya sebuleni, mbele ya Baba, akawasha mchezo wa kuendesha malori, kisha akaanza kuendesha vibaya makusudi. Akagonga ukuta. Akakwangua daraja. Akaingia kona kwa mwendo wa mwendawazimu.

Baba alivumilia weee, mwishowe uzalendo ukamshinda. "Toka hapo! Gari ya mwenyewe wewe nataka kuua?"

Akakaa yeye. Mguu wa kulia ulitosha kwa mafuta na breki, na klachi mchezo ulijifanyia wenyewe. Niliuona mgongo wa baba yangu ukinyooka kwenye kile kiti, nikaenda jikoni kulia, na mimi si mtu wa kulia hovyo.

Tangu hapo aliendesha kila siku. Barabara za mchezo ule ni za Ulaya, na Baba hakuziamini hata kidogo. "Barabara gani hii, hata mbuzi hapana?" Akifika mpakani ananuna: "Askari iko wapi? Mutu anapita tu bure?" Alidai awe na tanboi, kwa hiyo mimi nilikaa ubavuni pake nikimwambia kama nyuma ni kweupe. Akaanza kula akamaliza sahani. Akanyoa ndevu. Siraji alinivuta kando, macho yanawaka. "Sasa anaendesha hapa ndani," akaninong'oneza. "Siku moja atataka kuona barabara yenyewe. Atatoka." Hilo ndilo tulilolitaka, hatukutaka kingine.

Kisha lori likaanza kuzima.

Linakwenda vizuri, feni za kompyuta zinaanza kuvuma kwa nguvu, halafu kioo kinakuwa cheusi na kila kitu kinanyamaza. Baba anabaki ameshika usukani wa kitu kisichokuwepo. Mara ya kwanza alicheka. Baadaye aliacha kucheka. Siku moja lilizima kwenye mteremko, naye mguu wake ukaendelea kukanyaga pedeli, ukikanyaga na kukanyaga. "Breki imekataa," akasema kwa sauti ndogo. Nikajua hazungumzii mchezo.

Siraji alilaumu umeme, maana Koboko hata chai ikipoa tunalaumu umeme. Akaleta stabilaiza ya kutuliza umeme. Likazima. Akaomba waya kutoka kwenye sola ya jirani. Likazima. Alifuta kila kilichokuwemo ndani ya kompyuta akaanza kukipanga upya, akachomoa vipande vya memori, akavisugua meno yake kwa kifutio cha shule, akavirudisha kwa kubadilishana nafasi. Akabadilisha hata lile boksi linalogawa umeme ndani ya kasha. Likazima, tena Baba akiwa katikati ya daraja.

Mama alikuwa na jibu lake. "Iko jicho," alisema. "Watu wanasikia Umaru naendesha tena, roho inawauma." Tangu siku ya kwanza alikuwa akiifukiza ile mashine kabla Baba hajaondoka, kama alivyofukiza lori. Sasa akaongeza. Akafukiza kabla na baada, na Ijumaa mara mbili.

Basi ikaja siku Baba alipokuwa anashuka mlima na tela lililojaa shehena, nami nikiwa pembeni yake. Kioo kikawa cheusi. Aliusukuma usukani ukaanguka chini. "Mimi hapana endesha tena gari yenye nakufa kwa mteremko," alisema. "Itengeneze, Siraji. Lakini ikizima mara ingine, toa hii kitu kwa nyumba yangu. Na mutu asiniite tena, wacha mimi nikae." Akarudi kwenye kochi, akageukia ukuta. Ndevu zikaanza kuota upya.

Siraji aliipeleka kompyuta Arua, kwa rafiki yake Jude Afedra, fundi anayekaa Ediofe, mtaa wa huko huko. Jude alilifungua kasha, akaliweka wazi mezani pake, akauwasha mchezo, akauacha uende kutwa nzima. Haukukwama hata mara moja. Siraji akarudi nyumbani anapiga mluzi, akalifunga kasha, akaijaribu Baba akiwa bafuni. Kabla sijamaliza kikombe changu cha chai, ilizima. Tuliizungushia kitambaa haraka haraka kama watu walioiba.

"Ndugu yangu, kwako iko nafanya kazi, kwangu iko nakufa," Siraji alimlalamikia Jude kwenye simu.

"Basi nakuja kuona yeye kwake," Jude akasema.

Alikuja Jumatatu. Ni kijana mrefu, mpole, wa kusema kidogo. Mama alimpa kahawa ya tangawizi, naye hakugusa kompyuta wala bisibisi. "Mimi nataka kuangalia tu," alisema. "Fanyeni kama mnafanya kila siku." Baba alikuwa kwenye kochi, uso ukutani, lakini masikio yalikuwa kwetu.

Siraji akaiwasha. Mama akaleta chetezo, akakishika mbele ya kasha, akasoma dua zake. Moshi haukupanda juu. Ulijikunja, ukaelekea kwenye kasha, ukaingia wote ndani.

"Ona, inakunywa," Mama alimwambia mgeni kwa fahari. "Hata yenyewe inapenda."

Jude akakiweka kikombe chini. "Mama, inakunywa hivi kila siku?"

"Kila safari."

Akaomba mashine izimwe, akafungua uso wa kasha. Ndani yake kuna wavu wa kuzuia vumbi, ambao hewa hupitia. Haukuwa wavu tena. Ulikuwa mweusi, unanata, vumbi jekundu la Koboko limeganda juu ya masizi kama tako la sufuria, na unanukia Idi. Ndani zaidi, chini ya feni ambako hakuna aliyechungulia, zile bati nyembamba zinazopoza moyo wa kompyuta zilikuwa zimeanza kuziba vivyo hivyo.

"Hewa hapana pita hapa," Jude alisema. "Ediofe mimi niliacha yeye wazi, alipumua. Hapa mnafunga, joto inapanda, anajizima mwenyewe asiungue."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi niliuona ule moshi ukiingia kila siku, Siraji naye aliuona, na hakuna aliyeshtuka. Tumezaliwa katika moshi. Kwetu nyumba isiyonuka ubani ndiyo yenye kasoro.

Siraji alikuwa amechoka, na aliyechoka hana breki ya mdomo. "Mama, kumbe iko wewe!" akaropoka. "Wewe ndiyo naua gari ya Baba!"

Ningeweza kumzaba kofi mbele ya mgeni. Mama alisimama na chetezo mkononi, uso umemshuka kabisa. "Ndiyo," alisema polepole. "Tena mimi." Akatoka uani.

Jude aliusugua wavu kwa mswaki na sabuni, akazisafisha zile bati kwa spiriti, akapaka dawa mpya ya kupitisha joto, akafunga kasha lote barabara. Akaupeleka mchezo milimani, kwenye mizigo mizito, mkono wake juu ya bati akisikiliza joto. Feni zilivuma taratibu. Tulingoja, tukangoja sana, na mashine ilibaki baridi.

"Mzee," Jude akasema, "gari iko tayari."

Sikutegemea Baba angenyanyuka. Alinyanyuka. Alikuja na magongo yake, akaketi, akashika usukani. Lori lilikuwa linanguruma palepale, barabara imenyooka mbele, lakini hakuondoka. Nikadhani hofu imemshinda.

"Mama yenu iko wapi?" akauliza.

"Iko inje," nikamjibu.

"Ita yeye alete moshi."

"Baba!" Siraji akaruka. "Moshi ndiyo naua—"

"Nyamaza. Moshi hapana ya gari. Miaka yote Sadiya alifukiza lori, alikuwa nafukiza mimi. Safari moja tu niliondoka bila yeye. Sasa mimi hapana ondoka."

Nilitoka uani. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na jiko, ameipa nyumba mgongo, chetezo bado kinafuka miguuni pake. Nilimweleza. Akatikisa kichwa. "Sema yeye aende na Mungu. Mimi hapana ingiza hii moshi tena kwa nyumba. Nimeua gari yake mara mbili, inatosha."

Nikarudi mlangoni nikamfikishia Baba maneno hayo. Nilikuwa nimekasirika nao wote wawili: huyu haji, yule haondoki, na hapo ndipo nilipojua Siraji alikirithi wapi kichwa chake.

Baba aliachia usukani. Aliutazama mlango. Jua lilikuwa kali, na ng'ambo ya uzio wetu mfupi wa miti jirani yetu Concy alikuwa anakaanga mihogo, wateja wake wamesimama wamezunguka karai. Macho yale yale aliyoyakimbia siku zote hizo.

Akachukua magongo. Siraji alitaka kuinuka amsaidie, nikamshika shati. Baba alipita sebule nzima, ngo, ngo, akafika kizingitini, akasimama. Nuru ilimpiga usoni, akafumba macho. Kisha akatanguliza magongo, akashuka.

Mama aliyasikia magongo kwenye udongo, akageuka. Alitupa ubani kwenye makaa, akainuka, akamzunguka mumewe, akainua upindo wa kanzu yake moshi uingie, akakisogeza chetezo karibu mpaka nikaogopa atamwagia makaa.

"Hapana wewe," Baba alimwambia. "Ile siku ilikuwa breki, Sadiya. Breki."

Mama akalia. Na mimi nikalia, safari hii sikwenda kujificha jikoni.

"Eeee! Mzee Umaru!" Concy alipaza sauti, mwiko wake umebaki hewani. "Iko inje! Karibu, Mzee, karibu!" Wateja wote wakageuka. Nilisubiri Baba ajifanye amelala, lakini mtu hawezi kulala amesimama juu ya magongo.

"Asante, mama," akajibu, na sauti ilikuwa ile ya zamani. "Leta muhogo huku. Lakini ya moto, hapana ile ya asubuhi."

Akakaa kwenye benchi la Mama, magongo yameegemea jiko, macho barabarani ambako malori ya mpakani yalikuwa yanapita yakiinua vumbi. Wateja wawili walikuwa wameshaanza kuukaribia uzio kumsalimu. Siraji akachungulia mlangoni, uso umejaa wasiwasi wa fundi. "Baba, gari iko nanguruma. Iko nangoja wewe."

"Wacha ingoje," Baba akasema, akampisha Mama aketi.

Lori lilinguruma peke yake sebuleni mpaka alasiri, na halikuzima.