Nyungo za Kutembelea Thelujini

Jumamosi ile asubuhi Dafrosa alikuwa uani kwake Itetemia, anajifunga nyungo miguuni kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Ungo wa kupepetea mchele haufai kwa theluji, hupasuka kabla hamjafika popote. Unaotakiwa ni ungo wa karanga, mnene, uliokwisha kuzeeka kwa kazi. Shoga yake Kuluthumu, fundi cherehani wa mjini, alikuja na nyungo mpya zenye maua mekundu, akachekwa na ua mzima.

"Shoga, hizo si za kumtunzia bibi harusi?"

"Cheka tu. Nikizama, utanivuta wewe."

Theluji huanguka msituni nyuma ya Itetemia kila kipupwe, juu ya ile njia ya zamani ya misafara, na haianguki pengine popote. Mashamba ya tumbaku yaliyopakana na msitu hayapati hata chembe. Mwanzoni walikuja wataalamu na vipimo vyao, wakapima, wakapewa chai, wakaondoka. Siku hizi ni matembezi ya familia na majirani, Wakristo kwa Waislamu, na viazi vitamu ndani ya vikapu.

Theluji hiyo haishiki nyayo za leo. Ukipita, nyuma yako hujifunga kama uji. Inachotoa ni nyayo za zamani: visigino vya wapagazi vilivyozama kwa uzito wa pembe za ndovu, na nyayo za watu waliofungwa pamoja, fupi fupi, zimebanana. Mwenye adabu huzipisha. Mtoto akizikanyaga hupigwa kibao cha mgongo, watu wakaendelea na mazungumzo yao.

Kwa sababu hiyo hamwendi bila kirangozi, yule wa kuongoza msafara, na wao kirangozi wao alikuwa Lugembe, shemeji yake Dafrosa. Huburuza mguu wa kushoto tangu aanguke mtini, lakini anaujua msitu kwa kuwa ana mizinga ya nyuki humo. Siku moja kabla ya safari huenda peke yake kuziba njia zisizofaa kwa tawi bichi. Penye tawi hampiti. Pasipo tawi mnapita, na wa nyuma habishani na wa mbele. Ndivyo walivyotembea wazee wao mpaka pwani, na hakuna aliyeona sababu ya kubadili.

Mizinga hiyo zamani ilikuwa ya Revocatus, mdogo wake Lugembe na mume wa Dafrosa. Kipupwe cha mwaka juzi Revocatus aliaga kwamba anakwenda kurina asali, hakurudi. Lugembe ndiye aliyeleta habari: kaonekana Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, na mwanamke. Tangu hapo Dafrosa hakuwa mke wala mjane. Hakulia msiba, mumewe hakuombewa misa, na mama mkwe wake, Katarina, alikuwa akisema kisimani kwa sauti ya kusikika kwamba mwanamume hakimbii chakula kitamu. Maneno hayo yalimuuma Dafrosa kila siku ya Mungu. Alitaka jambo moja tu, ajue kama aliachwa au alifiwa. Lugembe, kwa huruma yake, alimletea asali kila msimu.

Basi wakaingia msituni, Katarina naye akiwa nyuma yao. Walipofika kwenye miyombo mikubwa kikohozi kilimbana Lugembe na ungo wake mmoja ukalegea. Akaketi kisikini kuufunga.

"Tangulia, shemeji," akamwambia Dafrosa. "Ukiona tawi, usipite."

Dafrosa akatangulia. Penye njia panda alitazama kushoto, hakuona tawi. Alitazama kulia, hakuona tawi. Usiku uliopita theluji ilikuwa imeanguka nzito ikalifukia tawi la kushoto, lakini hilo hakulijua. Kushoto kulikuwa na mteremko mzuri kwa nyungo, akaenda kushoto, na wote wakamfuata. Lugembe alipoita kutoka nyuma, walidhani anakohoa.

Nyayo alizozikuta huko hazikuwa za mpagazi. Ulikuwa mguu mtupu, wa kulia, usio na kidole kidogo. Dafrosa ndiye aliyemfunga mumewe kitambaa siku shoka lilipokichukua kidole hicho. Na Revocatus, kila alipokaribia mizinga, alivua viatu.

"Yesu wangu," alisema. "Huyu ni Revo."

Pembeni ya nyayo hizo zilikwenda nyingine, za makatambuga ya tairi la lori, mguu wa kushoto ukiburuzwa. Mjini Tabora na vijiji vyake vyote, aliyekuwa anaburuza mguu namna ile tangu aanguke mtini ni mmoja. Wakazifuata. Chini ya mti wenye mzinga nyayo zilizungukana, zikavurugana, kisha theluji ikawa imebonyea urefu wa mtu. Kutoka hapo palikuwa na alama ya kitu kilichoburuzwa hadi kwenye shimo la muhanga, yule mnyama mchimba mashimo. Zilizorudi zilikuwa za makatambuga peke yake.

Dafrosa akakaa palepale. Asali yote ile alikuwa ameila kwa mkate, na alikuwa ameshukuru.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema Kuluthumu. Akatoa simu, akapiga picha, akapiga tena. Picha zilitoka nyeupe tupu.

Lugembe alifika akihema. Aliziangalia zile nyayo.

"Njia hii niliifunga," alisema.

Katarina ndiye aliyesogea. Alikuwa bibi wa miaka mingi, mgongo umepinda. Alifungua ungo mmoja mguuni, akachotea theluji, akaanza kuipepeta juu ya zile nyayo, taratibu, kama anayeondoa makapi. Alifunika za makatambuga kwanza. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni.

"Mama!" Dafrosa alipiga kelele. "Huyu ni mwanao!"

"Na yule pale ni nani?" Katarina alijibu bila kuacha kupepeta. "Nilizaa wawili. Unataka nibaki na nani?"

Dafrosa akapiga yowe la msiba, lile ambalo kwa kawaida likisikika watu huacha vyungu motoni wakakimbia. Majirani waliangalia nyungo zao. Kuluthumu peke yake alimwitikia, akamkumbatia, wakalia wawili.

"Nyamazeni," alisema Katarina. "Nani kafa hapa?"

Upepo ulipita, theluji ikadondoka kutoka matawini, na mwishowe jirani mmoja akauliza kama viazi vitaliwa hapa au njiani. Wakaafikiana njiani.

Lugembe akashika nafasi yake mbele. Msitu ulikuwa mweupe pande zote, nyayo zao za kujia hazikuwapo, na aliyejua kurudi alikuwa yeye. Wakajipanga. Dafrosa akanyanyuliwa na Kuluthumu, akakung'uta kanga, akaingia nyuma ya shemeji yake.

Walikuwa hawajafika mbali Lugembe aliponyoosha fimbo.

"Angalia hapo, shemeji, pana shimo."

"Asante, shemeji," Dafrosa alijibu, akapita pembeni.