Wiki ya Thelathini na Nne

Kila mwaka, katika juma la kwanza la Aprili, kiwanda cha chumvi kilichoko nje kidogo ya Gongoni kiliwagawia wafanyakazi wake mabuti mapya ya mpira. Utaratibu haukubadilika. Meza iliwekwa chini ya paa la bohari, mabuti yakapangwa kwa saizi, na kila aliyepokea jozi yake alitia sahihi kwenye karatasi iliyokuwa pembeni mwa meza. Karatasi hiyo haikusomwa na mtu. Miaka yote ilikuwa na jina, saizi na sahihi, na watu hawana desturi ya kusoma jambo wanalolijua.

Mwaka huu karatasi ilikuwa na aya tatu zilizotangulia orodha ya majina. Wafanyakazi mia moja na arobaini walipita mezani, wakajaribu mabuti, wakacheka miguu ya wenzao, wakatia sahihi. Kahonzi, ambaye kazi yake ilikuwa kushona midomo ya magunia katika chumba cha kufungia chumvi, alikuwa na mimba ya wiki thelathini na nne na miguu iliyovimba. Alijaribu saizi ya sita, ya saba, kisha ya nane.

"Mpeni ya tisa, ya mlinzi," mtu alisema katika foleni.

"Ya mlinzi hata mimi na mtoto tutaingia sote," Kahonzi alijibu, na foleni nzima ikacheka. Hata hivyo aliyajaribu, yakakwama kwenye visigino. Kwa kuwa hakupokea mabuti, hakutia sahihi.

Jumatatu iliyofuata lango halikufunguliwa. Odera, afisa wa wafanyakazi, mtu mpole aliyevaa tai hata siku za joto kali, alisimama mbele ya lango na kueleza kwamba masika yameingia, kwamba mabwawa ya kukaushia maji ya bahari yamejaa maji ya mvua, na kwamba kwa mujibu wa makubaliano yaliyotiwa sahihi, wafanyakazi wote wamekwenda likizo isiyo na malipo mpaka watakapoarifiwa.

"Mimi sifanyi kazi bwawani," Kahonzi alisema. "Chumba changu kina paa, na chumvi ya mwaka jana imejaa bohari mpaka juu."

"Likizo ni ya wote, mama. Kampuni haibagui."

Walirudi nyumbani. Kuanzia siku hiyo siku ziliacha kupita katika miili yao.

Wa kwanza kulitambua jambo hili alikuwa Jimmy, kinyozi wa sokoni, ambaye wateja wake wa kiwandani hawakuonekana kwa wiki tatu. Aliwafuata majumbani akakuta nywele zao ni zilezile alizozikata Jumamosi ya mwisho ya kazi, hata mstari wa wembe shingoni haujafifia. Kucha nazo zilisimama. Jipu la Thuku, mpakiaji wa magunia, lililokuwa limebakiza siku mbili kuiva, lilibakiza siku mbili kwa miezi mitatu. Watoto wao waliendelea kukua, kwa kuwa hawakuwa wameajiriwa na mtu. Njaa pia iliendelea na kazi yake kama kawaida. Watu walilizungumza jambo hili kwa sauti waliyotumia kuzungumzia bei ya sukari.

Kahonzi alihudhuria kliniki kila baada ya wiki mbili. Muuguzi wa zahanati, Damaris, alimlaza kitandani, akapitisha utepe juu ya tumbo, akasoma sentimita thelathini na nne. Wiki mbili baadaye akasoma thelathini na nne. Mwezi wa Mei ulipita, Juni ukapita. Moyo wa mtoto ulipiga vizuri, taratibu, kama wa mtu aliye katika foleni asiye na haraka.

Mume wake, Lewa, aliyeendesha pikipiki ya abiria kati ya Gongoni na Marereni, mwanzoni alilifanyia mzaha. "Huyu ameamua kumalizia shule humohumo," aliwaambia abiria. "Atatoka na cheti." Baadaye mzaha ulimwishia. Alikuwa akirudi adhuhuri, anaweka sikio tumboni, kisha anarudi barabarani.

Mwezi Mei Kahonzi alikuwa amekwenda kwa Odera kuomba likizo ya uzazi, ile ya miezi mitatu yenye mshahara kamili, ambayo sheria imempa kila mwanamke aliyeajiriwa. Odera alimkaribisha kiti.

"Likizo ya uzazi huanzia kazini, mama. Wewe tayari uko likizo. Mtu hawezi kwenda likizo akiwa ndani ya likizo."

"Na mtoto?"

"Kuhusu mtoto, kampuni haina pingamizi lolote."

Mwanzoni mwa Julai Damaris alimpima uzito, akampima tena, akaweka kalamu chini.

"Mtoto hakui, lakini wewe unakonda," alisema. "Unakula mara ngapi?"

"Mara moja. Siku nyingine mara moja na nusu."

"Hiyo nusu ni nini?"

"Ni chai, sista."

Damaris hakucheka. "Sikiliza, mwanangu. Ana wiki sita za kukua, na atazikuta mbele yake siku yoyote atakayoruhusiwa. Ila wewe ukifika Oktoba hivi, hutakuwa na nguvu ya kumzaa. Dawa ya hili mimi sina." Alichukua fomu ya rufaa, ile ya kuwapelekea wagonjwa hospitali kubwa, na mahali pa maelezo akaandika kwa mwandiko mzuri: *Mimba imesimama kwa agizo la mwajiri tangu Aprili. Mama na mtoto wako salama kwa sasa. Aonwe na afisa wa kazi, Malindi.*

Afisa wa kazi aliyempokea aliitwa Nyokabi, mwanamke wa makamo aliyelelewa Nyeri na kuishi Malindi miaka kumi na tisa. Aliisoma rufaa mara mbili. Swali lake la kwanza lilihusu tarehe ya barua.

"Sikupewa barua," Kahonzi alisema. "Kulikuwa na karatasi ya mabuti."

"Ulitia sahihi?"

"Hayakunienea."

Nyokabi aliandika maneno hayo kama yalivyo. Kisha akavua miwani na kueleza polepole, kama mwalimu anayelipenda somo lake. Mwajiri anaweza kumwomba mfanyakazi aende likizo bila malipo. Mfanyakazi anaweza kukubali, na akikubali kwa hiari yake, hakuna ubaya. Lakini mkataba ni wa watu wawili. Anayetaka kuubadilisha sharti ashauriane na mwenzake kwanza, kisha mabadiliko yaandikwe na mwenzake ajulishwe. Mvua si mtu wa tatu katika mkataba.

"Na wenzangu waliotia sahihi?"

"Aliyetia sahihi ya mabuti amekubali mabuti."

"Basi kwa nini siku zangu zimesimama, ikiwa sikukubali?"

"Kwa sababu ulikwenda nyumbani ukakaa kimya, mama. Kimya chako wamekiita kukubali, na mwili wako umesikia hivyohivyo." Nyokabi alivaa miwani. "Mimi nitawaandikia, na shauri litafunguliwa. Lakini mahakama ina mwendo wake na tumbo lako lina mwendo wake. Fanya hivi. Kila siku ya kazi fika langoni saa moja asubuhi. Sema kwamba uko tayari kufanya kazi. Kaa mpaka saa kumi. Hakikisha mlinzi amekuandika."

"Wasiponifungulia?"

"Lango ni lao. Siku ni yako."

Mlinzi wa lango, Dzombo, hakuwa likizo, kwa sababu kampuni iliona kwamba kufungwa kwa lango kunahitaji mtu. Alikuwa na daftari la kuandikia kila kilichofika: gari la maji, wakaguzi, mbuzi wa jirani. Katika miaka kumi na moja hakuwahi kuacha mstari. Jumatatu asubuhi Kahonzi alipofika, alifungua ukurasa mpya.

"Jina ninalo. Sababu ya kufika?"

"Kazi."

"Umebeba nini?"

Kahonzi alimtazama. Dzombo akalitazama tumbo, akafikiri, akaandika: *Mzigo mmoja, wa binafsi.*

"Dada, sina amri ya kukufungulia."

"Sikukuomba unifungulie. Nimekuomba uniandike."

Alikaa juu ya jiwe kando ya uzio mpaka saa kumi, akaandikwa kutoka. Jumatano ukucha wa kidole gumba ulikuwa umesogea. Jumapili alikaa nyumbani, nayo ikapita sawasawa, kwa kuwa pumziko la wiki ni haki ya mtu aliye kazini. Jumatatu ya pili, kabla ya kwenda langoni, alipita zahanati. Damaris alipitisha utepe, akasoma thelathini na tano, akaandika, akaurudisha utepe mfukoni. Nje Lewa aliambiwa. Alipiga pikipiki teke mara nne ikakataa kuwaka, kwa sababu alikuwa amesahau kufungua mafuta.

Habari zilifika sokoni kabla ya saa nne. Juma hilo walikuja watu wanane, lililofuata arobaini. Dzombo aliomba daftari la pili. Jipu la Thuku liliiva siku yake ya pili langoni, likapasuka saa nane mchana, na alirudi kutoka kichakani akiwa mtu mwingine. Jimmy alihamishia kiti chake chini ya kivuli cha uzio, maana ndevu zilikuwa zikiota pale.

Masika yalikuwa yamekwisha zamani. Kupitia nyavu za uzio waliweza kuona mabwawa yamekauka, meupe mpaka upeo wa macho. Kila siku saa moja na robo lori lilifika na vibarua kutoka mbali, Dzombo akalifungulia, likaingia, akafunga. Kutoka chumba cha kufungia Kahonzi alisikia cherehani yake ikishona. Katika kila gunia sindano iliruka mshono mmoja, karibu na mwisho.

"Hawajui kukaza uzi kwa kidole cha kushoto," alisema.

"Waambie," Thuku alisema.

"Nikiingia nitawaambia."

Katikati ya Agosti Odera alitoka nje akiwa na boksi. Alichuchumaa mbele ya Kahonzi, tai ikagusa mchanga, akatoa mabuti mapya, mapana kuliko yote yaliyowahi kuonekana Gongoni.

"Nimeyaagiza Mombasa kwa ajili yako," alisema, na ilikuwa kweli. "Yajaribu."

Kahonzi aliyavaa. Yaliingia bila shida. Alisimama, akatembea hatua sita, akarudi. Kwa mara ya kwanza tangu Machi visigino vyake havikuuma.

"Basi tia sahihi hapa," Odera alisema. "Tarehe ni ya Aprili, kwa ajili ya mpangilio tu. Likizo ikiisha, wewe utaitwa wa kwanza."

"Itaisha lini?"

"Mtaarifiwa."

Kahonzi aliyavua moja baada ya jingine, akayapangusa mchanga kwa ncha ya leso, akayarudisha ndani ya boksi. "Yananienea vizuri sana, bwana Odera," alisema. "Ahsante kwa kunifikiria. Yarudishe."

Wiki ya arobaini iliingia Agosti ikielekea ukingoni. Uchungu ulimwanza Alhamisi, saa tatu asubuhi, naye akakataa katakata kuondolewa.

"Twende zahanati, mama," Lewa alimsihi. "Pikipiki iko hapa."

"Nikiondoka saa hizi nimetoka kazini. Je, akisimama njiani?"

Lewa aliwasha pikipiki. Alikwenda kumleta Damaris, na njiani hakumpungia mkono mtu yeyote. Dzombo hakuwa na amri ya kufungua lango, lakini kibanda chake kilijengwa juu ya mstari wa uzio, nusu ndani na nusu nje, na hakuna amri iliyowahi kukitaja. Alitoa redio na birika, akatandika koti lake. Wanawake walizungusha leso. Wanaume walisogea mbali, wakageuza migongo na kutazama chumvi.

Saa sita na dakika kumi mtoto alilia. Ndani ya kiwanda cherehani ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea. Dzombo alichukua daftari.

"Jina?"

"Bado," Damaris alisema kutoka ndani. "Andika wa kike."

Dzombo aliandika: *Wa kike. Amefika saa sita na dakika kumi. Sababu: kuzaliwa. Hakubeba kitu.*

Odera alifika baada ya saa moja, akampa mama hongera kwa mikono miwili na macho yaliyolowa. Mkono ulipobaki mtupu aliuingiza mfukoni na kutoa bahasha. Likizo isiyo na malipo ilikuwa imeongezwa mpaka taarifa nyingine. Ombi la likizo ya uzazi lilikuwa limekataliwa, kwa sababu mwombaji hakuwa kazini.

Kahonzi alikwenda nyumbani kupumzika, kama inavyompasa mzazi. Ijumaa alipumzika, na Jumamosi. Mtoto alinyonya matone ya kwanza, yale ya manjano, kisha akanyonya bila kupata kitu, maana maziwa huja siku ya tatu na siku ya tatu haikuwa ikija. Jumapili nayo haikusaidia, kwa kuwa kwa aliye nyumbani haikuwa pumziko la kitu chochote. Lewa alikamua limau kwenye maji ya moto, akapika uji wa mtama, akaketi. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka.

Jumatatu saa moja kasorobo Kahonzi alimfunga mtoto kifuani, akapanda pikipiki nyuma ya mumewe. Shauri lilikuwa limepangiwa Novemba. Langoni walikuwapo watu mia moja na saba. Walimwachia nafasi kivulini. Dzombo aliandika mistari miwili. Lori la vibarua lilifika, akalifungulia, likapita karibu nao kiasi kwamba vumbi lilitua juu ya leso, akafunga.

Saa tatu maziwa yalikuja yote kwa pamoja, yakalowesha blauzi. Mtoto alishika, akameza kwa kelele, akapaliwa, akaendelea.

Odera alikuwa amesimama upande wa pili wa uzio. "Mama Kahonzi," alisema kwa upole, "mwanamke aliyezaa Alhamisi anapaswa kuwa nyumbani. Utakaa hapa mpaka lini?"

"Leo, mpaka saa kumi," Kahonzi alisema. "Na kesho, mpaka saa kumi." Kisha akamhamishia mtoto titi la pili.