Joto la Mota Lilikokwenda

Jumatatu asubuhi fundi wa baiskeli za umeme aliweka mezani gurudumu la nyuma la baiskeli ya wifi yake, mke wa kaka yake. Alifungua skrubu kumi na mbili, akazipanga kwenye kifuniko cha ndoo jinsi zilivyotoka. Ndani ya kitovu cha gurudumu, nyaya za mota zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi na zilinuka kama pasi iliyosahaulika juu ya shati.

Wifi alikuwa akipeleka katoni za maji kwenye maduka ya juu ya mlima. Kibandiko cha baiskeli kilisema katoni sita. Meneja wake alisema kumi. Mota mbili zilikuwa zimeshamwungulia, na aliambiwa ya tatu ikiungua asirudi kazini. Hii ndiyo ilikuwa ya tatu.

"Wifi, tatizo ni mlima au ni wewe?" fundi aliuliza.

"Mimi nina kilo hamsini na tano, na hasira zikiwemo."

Fundi alieleza kwamba mota ile imefungiwa kama mtu aliyejifunika blanketi mchana. Mafuta kidogo yakizunguka humo yatabeba joto hadi kwenye ganda la nje, na upepo utamalizia. Alikuwa amejifunza mwenyewe, kwa kuharibu mota zake nne. Alitoboa tundu dogo, akavuta mafuta mepesi ya gia kwa bomba la sindano, akaingiza kiasi cha vijiko sita. Wifi alisema hayo ni ya kukaangia yai, aongeze. Fundi hakuongeza. Yakizidi huvuja hadi kwenye breki.

Alikuwa na desturi ya kuziba tundu kimya, kwa kuwa neno la mwisho kusemwa hubaki ndani ya mota. Siku hiyo alisahau kumwonya mwenzake. Gundi ilipokuwa ikishika, wifi alisema, "Joto lote hili lingempata yule anayekaa kwenye kiti ofisini."

Kesho yake wifi alipanda mlima na katoni kumi. Kule juu aligusa kitovu, kilikuwa baridi kama mtungi. Saa ile ile meneja aliinuka haraka kutoka kitini, kama aliyekalia jiko.

Seremala alikikagua kiti, akasema mbao ni nzima. Meneja alileta cha chuma, kisha cha plastiki, ambacho kiliyeyuka miguu miwili. Alhamisi alimwita fundi, kwa sababu alikuwa na kipimajoto. Fundi alipima kiti cha mbao kila dakika tano na kuandika. Saa tatu na nusu kilikuwa na digrii thelathini. Saa nne, wifi akiwa kona ya mwisho ya mlima, kilifika tisini na nane. Fundi alisubiri wifi ateremke, akapima tena, kiti kilikuwa kimepoa.

"Bosi, hili ni joto la mlimani," alisema, akamweleza kuhusu mafuta na maneno yaliyozibiwa ndani ya mota. "Rudisha mzigo kwenye katoni sita, utakaa."

Meneja alisoma vipimo kwa makini. Aliuliza kama mota imeungua. Fundi alisema hapana. Aliuliza kama itaungua. Fundi alisema kwa hali hii haitaungua.

"Basi tia mafuta na kwenye zile baiskeli nyingine saba," meneja alisema, "na mseme maneno yale yale."

Wifi aliyasema mara saba, bila kupunguza hata moja. Mama wa chai akaanza kuweka birika juu ya kiti. Meneja alifanya kazi amesimama, na mgongo uliomsumbua miaka mingi ukapona. Hakuna aliyefukuzwa. Waendeshaji walikunywa chai kila waliporudi, na wifi alimwambia kila mtu kwamba hiyo ameichemsha yeye, pale kona ya mwisho.

Mwezi wa pili, asubuhi moja, birika lilichelewa kuchemka. Meneja aligusa kiti kwa mgongo wa kiganja, akafungua dirisha, akauliza kama baiskeli zinaondoka nyepesi. Mpakiaji alisema ni zile zile kumi.

"Ni upepo, bosi," wifi alisema. "Leo mlimani kuna baridi."

Meneja alilitazama birika, akaagiza kila baiskeli iongezwe katoni mbili. Wifi alikaza kamba, akamwambia mama wa chai asiende mbali, safari hii birika litachemka mapema.