Viatu vya Mgeni Aliyekwisha Kuaga

Mwanamvua anachagua mchele wa hitima ya marehemu mumewe, ungo mapajani, na wifi yake Sikudhani anapita na ndoo akimcheka, wifi we, ungo mmoja tangu adhuhuri, hata kuku wangekushinda, na hospitali si walikutoa mzima? Mzima, alhamdulillahi, anajibu Mwanamvua, maana ndivyo anavyomjibu kila mtu tangu ile homa ya virusi imlaze wodini, ingawa kifua bado kinambana na harufu ya karafuu haijamrudia, kwani mja aliyetolewa kwenye mashine ya kupumulia huku wenzake wakizikwa, atalalamika kwa uso gani mbele ya Mola? Anaegemea ukuta apumzike kidogo tu, macho yanajifumba, chenga za mchele zinakuwa changarawe, changarawe zinakuwa njia, naye yumo njiani, peku, ungo mkononi.

Njia ni nyeupe kama ukumbi wa wodi ile, inapinda, inarudi, inapinda, na mwisho wake upo mji wa nyumba moja iliyorudiwa kama kwenye vioo, nayo ni nyumba yake, mlango wake wa buluu, na kila kizingiti kina viatu vya kiume asivyovijua. Mbele yake anatembea mtu aliyevaa joho la plastiki, na penye uso pana weupe mtupu kama ganda la yai. Viatu vya nani hivi, mwanangu? Vya mgeni, anasema asiye na uso. Yumo ndani? Kaaga zamani. Mbona viatu vipo? Jibu unalo wewe, bibi, na jua likigusa paa hujaingia kwako, utabaki huku unatembea.

Anapiga hodi. Ndani sauti ya marehemu inauliza, Mwanamvua, u mzima? Mzima, alhamdulillahi, anajibu, na mlango unayeyuka, naye yuko mwanzo wa njia, changarawe zile zile, ila pumzi imepungua. Anatembea. Magoti yanauma, moyo unakimbia hata akisimama, anataka kusoma dua aliyoihifadhi tangu utotoni chuoni, inakatika katikati kama uzi mbovu, anaianza upya, inakatika pale pale. Hodi. U mzima? Mzima. Na njia tena, ndefu zaidi, na jua limeshuka. Bibi una ulimi wa kasuku, anasema asiye na uso. Nisemeje, mwanangu? Niliomba uhai nikapewa, sasa nirudishe manung'uniko? Mola wako hajui hali yako? Anajua, hakuna lifichikalo kwake. Basi unamficha nani?

Mwanamvua anatembea tena. Anasimama mlangoni, jua liko juu ya paa kama kikaango, na hodi ni tatu, ya nne ni ujeuri, mtu hugeuka akaondoka. Hodi, anasema, na pumzi iliyobaki ni ya maneno machache tu. U mzima? Anavitazama viatu. Si mzima, mume wangu, ile homa, mgeni yule, kaondoka, mizigo yake kaniachia mimi. Mlango unafunguka, na harufu ya karafuu inampiga usoni hata machozi yanamtoka.

Mchele umemwagika mkekani. Mtu amesimama mlangoni, mwanga uko nyuma yake, uso hauonekani. Wifi, umelala au umezimia? Hebu niambie, u mzima? Mwanamvua anavuta hewa kutafuta karafuu, ajue yuko upande upi, na haipati, au anaipata kwa mbali mno, hana hakika. Kizingitini viko viatu. Ulimi tayari umeshika neno lake la siku zote, analimeza. Si mzima, wifi, anasema, sijapona.

Yule wa mlangoni anaingia. Kisha ndoo inatuliwa chini polepole, na mikono miwili inaupokea ungo.